Kibao kinamsifu mtoto, lakini je, anaweza kuandika peke yake?

Wazazi wengi wenye watoto wa chekechea siku hizi hukutana na uamuzi mmoja dukani: wamnunulie mtoto daftari na penseli, au kibao cha kielektroniki kinachoahidi kumfundisha kuandika.

Vibao hivyo viko vya aina nyingi. Kuna vile vyeusi na vyepesi, ambavyo mtoto huandikia kwa kijiti cha plastiki na kufuta kwa kubonyeza kitufe kimoja. Kuna vinavyoonyesha herufi kwa vitaa vidogo ili mtoto aifuatishe, huku sauti ikitaja jina la herufi na kumpongeza. Kuna pia programu za simu na tableti, ambazo mtoto hufuatisha herufi kwa kidole.

Nia ya mzazi huwa njema. Anataka mtoto aingie darasa la kwanza akiwa tayari ameonja KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Tena mtoto hutulia na kibao kwa muda mrefu kuliko anavyotulia na daftari.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo mzazi anapaswa kulijua kabla ya kutoa pesa. Kufuatisha herufi si kuandika, na mtoto anaweza kufuatisha vizuri kwa miezi bila kujua kuandika.

Kazi mbili tofauti

Mtoto anapofuatisha, jicho na mkono vinafuata njia ambayo tayari imechorwa. Hahitaji kukumbuka herufi inaanzia wapi, inapinda upande gani na inaishia wapi. Kazi hiyo kibao kimeshamfanyia.

Anapoandika mwenyewe kwenye nafasi tupu, kila kitu kinatoka kichwani mwake. Lazima alikumbuke umbo la herufi, aamue pa kuanzia, auongoze mkono, kisha atazame alichokiandika na kukilinganisha na alichokikusudia.

Mwaka 2012, Karin James wa Chuo Kikuu cha Indiana nchini Marekani na mwenzake Laura Engelhardt walichapisha utafiti uliowahusisha watoto 15 wa umri wa takriban miaka mitano, ambao walikuwa bado hawajui kusoma. Watoto hao walijifunza herufi kwa njia tatu: kuziandika wenyewe kwa mkono, kuzifuatisha, na kuzibonyeza kwenye kibodi. Baadaye walionyeshwa herufi hizo wakiwa ndani ya mashine ya MRI inayopiga picha za ubongo.

Sehemu za ubongo ambazo mtu hutumia anaposoma ziliamka pale watoto walipoona herufi walizoziandika wenyewe. Kwa herufi walizozifuatisha au kuzibonyeza, haikuwa hivyo.

Utafiti huo ulikuwa mdogo, na hausemi kwamba kufuatisha kunamdhuru mtoto. Unachoonyesha ni kwamba kufuatisha peke yake hakufanyi kazi ambayo wazazi wengi wanadhani kinafanya.

Maelezo yanayotolewa ni haya: mtoto anapoandika 'a' mwenyewe, ya kwanza hutoka imelala, ya pili imevimba, ya tatu haijafunga vizuri. Kwa kuziona zote na kujua kwamba zote ni 'a', ubongo unajifunza kitu gani hasa kinachoifanya herufi hiyo iwe 'a'. Anayefuatisha huona 'a' moja tu, nzuri, isiyobadilika. Kwa maana hiyo, herufi mbovu za mwanzo ni sehemu ya kujifunza.

Kioo kinateleza

Suala la pili ni mkono wenyewe. Penseli ikipita juu ya karatasi, kuna msuguano kidogo ambao vidole huusikia, na mtoto huutumia kujua aongeze nguvu au apunguze. Kioo cha tableti ni laini na kijiti cha plastiki huteleza, hivyo mtoto ambaye misuli ya vidole bado haijakomaa hulazimika kuhangaika zaidi kukidhibiti.

Watafiti wa Ujerumani waliochapisha kazi yao mwaka 2020 waliwafundisha watoto wa chekechea herufi kwa penseli na karatasi, kwa kibodi, na kwa kalamu ya tableti. Waliotumia penseli waliwazidi wa kibodi katika kuzitambua herufi. Wa kibodi nao waliwazidi wa kalamu ya tableti katika kusoma na kuandika maneno. Watafiti walihitimisha kuwa, kati ya vifaa hivyo vitatu, kalamu ya tableti ndiyo iliyofaa kidogo zaidi kwa umri huo.

Programu za kufuatisha kwa kidole ziko mbali zaidi na kuandika, kwa sababu hazimzoeshi mtoto kushika penseli kwa kidole gumba, cha shahada na cha kati. Mtoto anaweza kumaliza hatua zote za mchezo, kisha akapewa penseli shuleni akaishika kama mwiko.

Kile cha bei nafuu kinaweza kuwa bora

Hapa kuna habari njema kwa mfuko wa mzazi. Kile kibao cheusi kisicho na sauti wala picha, ambacho wengine hukiona duni, ndicho kinachomdai mtoto kazi kubwa zaidi.

Vibao hivi vilianza kujulikana baada ya kampuni ya Kent Displays ya Ohio, Marekani, kuingiza sokoni kibao kiitwacho Boogie Board mwaka 2010. Havitoi mwanga wake vyenyewe. Kijiti kikigandamiza, fuwele za majimaji zilizo ndani hubadili mpangilio na kuakisi mwanga wa nje, ndipo mstari unapoonekana. Betri hutumika wakati wa kufuta.

Kwa hiyo ni ndugu wa kibao na chaki walivyovitumia babu na bibi. Hakina vitone, na mtoto asipoitoa herufi kichwani, hakuna kitakachoonekana.

Upungufu wake ni kwamba kitufe kikibonyezwa kila kitu kinafutika. Daftari hutunza kumbukumbu. Mzazi akifungua ukurasa wa mwezi uliopita na wa leo, yeye na mtoto wanaona hatua iliyopigwa.

Kibao kinasema 'ei', mwalimu anasema 'a'

Vinyago vingi vinavyozungumza vimetengenezwa kwa ajili ya watoto wanaojifunza kusoma Kiingereza. Herufi A huitwa 'ei', E huitwa 'ii' na I huitwa 'ai'.

Mtoto anayekwenda kuanza na a, e, i, o, u za Kiswahili anaweza kuchanganyikiwa hapo. Sauti 'ii' aliyoizoea kwenye E, mwalimu anaiweka kwenye I. Akikutana na neno 'embe', anaweza kuanza na sauti isiyo yake. Pia atatumia muda kujifunza Q na X, ambazo hazitumiki katika maneno ya Kiswahili, ilhali hajapewa 'ch', 'ny' wala 'ng'.

Kama mtoto anaandaliwa kwa shule inayofundisha kwa Kiingereza, tatizo hili ni dogo. Kama sivyo, zima sauti na utamke herufi mwenyewe.

Kuzima sauti kuna faida nyingine. Mtafiti Anna Sosa wa Chuo Kikuu cha Northern Arizona aliwafuatilia wazazi na watoto wao wa umri wa miezi 10 hadi 16 wakicheza nyumbani. Matokeo yake yalichapishwa katika jarida la JAMA Pediatrics, toleo la 2016. Wazazi walitamka maneno machache zaidi walipocheza kwa vinyago vya kielektroniki kuliko walipotumia vitabu au vinyago vya kawaida. Kinyago kikiongea, mzazi hunyamaza, na sauti ya mzazi ndiyo inayomjibu mtoto kulingana na alichokifanya.

Aanze na umri gani?

Herufi zina maandalizi yake. Kwa kawaida mtoto wa takriban miaka mitatu huweza kuiga duara, wa miaka minne huweza kuchora msalaba, na umbo la mraba hufuata karibu na miaka mitano. Watoto hutofautiana, lakini ambaye bado hawezi kufunga duara hajawa tayari kuandika 'a', hata kibao kikimpongeza.

Mikono huandaliwa na shughuli za kawaida za nyumbani: kukanda unga, kufinyanga udongo, kufunga vifungo vya shati, kukamua nguo ndogo, kuchambua maharage. Hii ya mwisho ifanyike chini ya macho ya mtu mzima, kwa kuwa watoto wadogo hutumbukiza punje puani au masikioni. Kijiti na mchanga wa uani navyo ni ubao mzuri usio na gharama.

Mtoto akigeuza 'b' ikawa 'd', usimkemee. Kugeuza herufi ni jambo la kawaida mpaka karibu na miaka saba. Likiendelea baada ya hapo pamoja na ugumu wa kusoma, zungumza na mwalimu na umwone mtaalamu.

Kwa upande wa skrini, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2019 unashauri watoto wa miaka miwili hadi minne wasikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora zaidi. Kwa walio chini ya miaka miwili, haishauriwi kabisa. Programu ya kuandika kwenye simu iko ndani ya saa hiyo hiyo.

Kama tayari unacho nyumbani

Hakuna haja ya kukitupa. Kibao cha kufuatisha kinaweza kumwonyesha mtoto herufi inaanzia wapi na inaelekea wapi. Kitumie kama mlango wa kuingilia:

1. Mtoto aifuatishe herufi moja mara mbili au tatu, huku ukiitamka naye.

2. Ificheni au ifuteni, kisha aiandike bila kuiona.

3. Aiandike tena kwa penseli kwenye karatasi, ndani ya neno analolijua, kama jina lake au jina la paka wa nyumbani.

4. Acheni kabla hajachoka. Dakika kumi kila siku zinamfaa kuliko saa nzima ya Jumamosi.

Angalia betri kabla ya kumpa mtoto

Vibao vingi vyembamba hutumia betri ndogo bapa ya duara, ile inayofanana na betri ya saa. Ikimezwa na kunasa kwenye koo la chakula, umeme wake ukikutana na mate hutengeneza kemikali inayounguza nyama. Jeraha kubwa linaweza kutokea ndani ya saa mbili, hata kama betri hiyo imeisha nguvu na haiwezi tena kuendesha kinyago.

Nunua kibao ambacho kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu, na hakikisha skrubu hiyo ipo na imekaza. Kifuniko kikilegea au kikipotea, toa betri na uweke kibao mbali. Betri iliyotolewa isiachwe mezani wala kwenye kikapu cha taka kilicho wazi, hasa kama nyumbani kuna mdogo wake anayetambaa.

Ukihisi mtoto amemeza betri, usisubiri dalili. Wengine hutokwa na mate, hukohoa, hutapika au hukataa kula, na wengine hawaonyeshi chochote. Mpeleke mara moja kwenye hospitali yenye eksirei. Usimtapishe wala usimpe chakula.

Wataalamu wa sumu wa Marekani wanashauri kwamba mtoto aliyezidi miezi 12, anayeweza kumeza, na aliyemeza betri ndani ya saa 12 zilizopita, apewe asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika kumi, isizidi mara sita, mkiwa njiani kwenda hospitali. Asali hupunguza kasi ya kuungua. Haiondoi betri, na kuitafuta kusiwacheleweshe kuondoka. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali. Betri iliyoingia puani au sikioni nayo ni ya kukimbiza hospitali.

Kipimo cha dakika moja

Mzazi anayetaka kujua kama kibao kinamsaidia mtoto wake hahitaji kuangalia nyota alizokusanya kwenye mchezo. Ampe karatasi tupu na penseli, akae karibu naye, amwambie: "Andika 'm', ya mama."

Akiiandika, hata ikiwa imepinda, anajifunza. Akikaa na penseli mkononi akisubiri vitone viwake, basi kwa wiki chache zijazo kibao kipumzike kabatini, na daftari lichukue nafasi yake.