Kuchagua Chuo Kabla ya Kuijua Fani

Kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Sita yakishatangazwa, maelfu ya vijana wa Tanzania huomba nafasi katika vyuo vikuu. Tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa kwa vyuo vyenyewe, hivyo kijana mmoja huweza kukubaliwa na vyuo viwili au vitatu kwa wakati mmoja. Hapo hana budi kuthibitisha kimoja tu, kabla ya siku iliyowekwa, na kuviacha vingine.

Kwa kijana aliyekwisha kuamua atakalo, kazi hiyo ni nyepesi. Kwa yule ambaye bado anasitasita, ni mzigo mzito. Katika Marekani vyuo vingi humruhusu mwanafunzi kusoma mwaka mmoja au miwili kabla ya kutaja somo lake kuu. Hapa nchini mwombaji hukubaliwa katika shahada maalumu tangu siku ya kwanza. Kuchagua chuo ni kuchagua fani.

Wengi hujitoa katika mashaka hayo kwa kufuata umaarufu wa chuo, au neno la mjomba aliyesoma huko zamani. Njia zote mbili ni dhaifu, kwani jina la chuo halimwelezi mwanafunzi atasoma nini wala ataweza kugeukia wapi. Iwapo mwanafunzi aliyesoma Fizikia, Kemia na Biolojia amekubaliwa mahali pamoja kusomea maabara ya tiba, na mahali pengine kusomea shahada ya sayansi yenye kemia na biolojia, yampasa aulize mambo matatu. Masomo ya mwaka wa kwanza yanamfungulia fani ngapi? Kanuni za chuo zinaruhusu kuhama fani, na kwa sifa zipi? Na akihama, gharama za mwaka utakaoongezeka zitalipwa na nani? Chuo chenye majibu mazuri ndicho kinachomfaa, hata kama jina lake si kubwa.

Wako watakaosema kwamba mshika mbili moja humponyoka, na kwamba taifa linahitaji wataalamu, si watu wa kubahatisha. Hoja hiyo ina ukweli wake. Udaktari huchukua miaka mitano na uhandisi minne, na aliyeikosa milango hiyo mwanzoni huipata kwa taabu baadaye. Kwa hiyo anayevutwa kwa dhati na mojawapo asiiache kwa sababu ya hofu tu. Lakini kusitasita si uvivu wa akili. Venkatraman Ramakrishnan alipata shahada ya uzamivu katika fizikia mwaka 1976, kisha akaanza upya kujifunza biolojia. Mwaka 2009 akawa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa uchunguzi wa ribosomu. Fizikia aliyoiacha haikupotea, maana kuchunguza umbo la ribosomu kwa miali ya eksirei kulihitaji elimu hiyo hiyo.

Mfano huo unaonyesha jambo ambalo shule zapaswa kulizingatia mapema. Milango haianzi kufungwa siku ya kuthibitisha chuo; huanza kufungwa pale mwanafunzi anapokata tamaa ya hisabati akiwa Kidato cha Pili, na tena anapochagua tahasusi kwa kufuata rafiki zake. Mwalimu anayemweleza mwanafunzi wake ni fani zipi zinazodai somo lipi humsaidia kuliko yule anayemshinikiza aamue upesi.

Vyuo navyo vina wajibu. Mahali ambapo shahada kadhaa za sayansi zina msingi mmoja, mwaka wa kwanza ungefaa kuwa wa pamoja, na uchaguzi wa fani ufanywe baada ya mwanafunzi kuingia maabara na kujipima. Kijana wa miaka kumi na tisa ambaye hajawahi kuigusa kazi asilazimishwe kuapa kwamba ataifanya maisha yake yote.