Hodi Isiyopigwa

Ibara ya 45 ya Katiba ya Kenya inasema kila mtu mzima ana haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti, kwa hiari yao wote wawili. Isome tena polepole. Imeandikwa kama haki, imewekwa katika sura ya nne, sura ya haki, na kazi yake ni kufunga mlango. Waganda hawakuzunguka: mwaka 2005 waliongeza katika katiba yao kwamba ndoa ya watu wa jinsia moja ni marufuku. Sisi mwaka 2010 tulitumia lugha ya adabu zaidi.

Marafiki zangu, hata wasiomchukia yeyote, huniuliza: ibara hiyo inakuwasha nini, kwani kuna anayeomba kuozwa?

Hakuna. Na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Mwaka 2016 watu walikwenda Mahakama Kuu, Nairobi, kuomba jambo dogo kuliko harusi: wasihesabiwe wahalifu. Kifungu cha 162 cha sheria ya jinai, tulichorithi kwa Mwingereza, kinaweza kukufunga miaka 14. Waombaji walisema waziwazi kwamba hawadai ndoa. Majaji wakajibu kuwa kuwakubalia kungefungua njia ya ndoa hizo kwa mlango wa nyuma, kinyume cha ibara ya 45. Tarehe 24 Mei 2019 ombi likatupwa. Yaani ibara tuliyoambiwa inalinda harusi ilitumika kulinda jela.

Rafiki yangu aliwahi kuporwa na mtu aliyejifanya mpenzi mtandaoni. Simu, pesa, hata viatu. Hakwenda polisi. Angeanzaje kuandikisha taarifa bila kujishtaki mwenyewe? Mwizi alijua hivyo tangu mwanzo. Ndiyo maana alimchagua yeye.

Wengine watasema si mila zetu. Mila zipi hasa? Kwa Wanandi na Wakamba, mwanamke asiye na mtoto aliweza kutoa mahari akamwoa mwanamke mwenzake, na watoto wakaitwa wake. Sisemi yalikuwa mapenzi. Anayesema hivyo anawasingizia wazee. Lakini ilikuwa ndoa, na mwaka 2011, ibara ya 45 ikiwa tayari inafanya kazi, Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa ya namna hiyo katika kesi ya urithi. Kumbe tukitaka, mila zetu zina nafasi kubwa kuliko tunavyozitangaza.

Sheria ya kawaida wabunge wanaweza kuibadilisha wenyewe. Sura ya haki haiguswi bila kura ya maoni. Kwa hiyo rafiki yangu, akitaka kuguswa na katiba ya nchi yake, itabidi awaombe mamilioni ya watu wasiomjua, wengi wao wakiwa wamefundishwa kumwogopa, wakubali kwamba naye ni mtu. Sijui kwa nini tukaendelea kuiita sura ya haki.

Kura hiyo ikija, yangu itakuwa ya kufuta maneno matatu tu: "wa jinsia tofauti". Padri wa parokia yetu ataendelea kuwafungisha ndoa anaowataka na kuwakataa asiowataka, kama anavyofanya sasa.