Goti la Bandia: Tuitazame Njia Kabla ya Bei



Wiki hii twawaelekea jamaa wenye mpenzi wao aliyekatwa mguu juu ya goti, hasa ndugu zetu wa Kibera na Kawangware, ambako vichochoro ni vya mitelemko, mitaro, na matope wakati wa masika. Jamaa huchanga fedha kwa taabu, kisha huuliza: goti lipi lililo bora? Sisi twaona yatangulie maswali mawili: mvaaji atapita wapi, na likiharibika nani atalitengeneza?

Goti la komeo hubaki limenyooka mwendoni, likafunguliwa mtu aketipo. Lamfaa mzee, kwani halimkunjikii ghafla; lakini humbidi ainue nyonga kila hatua, akachoka upesi. Goti la mhimili mmoja ni sahili na bei yake nafuu, ila uthabiti wake wategemea sana nguvu za nyonga na paja. Goti la pingili nne hutulia likikanyagwa, na likikunjwa hufupisha mguu kidogo, vidole visijikwae. Goti mojawapo la namna hii walilibuni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford kwa ajili ya wagonjwa wa Jaipur, India; liliundwa kwa plastiki, kwa gharama ya dola 20 hivi wakati huo. Goti la kompyuta, kama C-Leg iliyotoka mwaka 1997, hupima kila hatua na kumsaidia mtu anapojikwaa. Ni neema kubwa, lakini bei yake ni kali, nalo lahitaji umeme na fundi maalumu.

Hata hivyo, goti lolote halifai kitu ikiwa kikombe kinachopokea kigutu chaumiza. Kwa hiyo mgonjwa apimwe na mtaalamu, kama wale wa shirika la APDK, Barabara ya Waiyaki, Nairobi, naye mwenyewe asikizwe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama apandaye ngazi na ndoo ya maji ana haja zake, asiamuliwe na wajomba.

Kuhusu ibada, asiyeweza kusimama huswali ameketi. Mguu uliokatwa juu ya goti, faradhi ya kuuosha katika udhu imeondoka. Lakini katika josho la janaba mguu wa bandia uvuliwe, maji yafike kigutuni.

Nasi tutoapo sadaka, tusiishie kwenye kununua. Tumwekee mwenzetu na fungu la matengenezo, mguu usije ukalala uvunguni naye akarudia magongo.

Wabillahi tawfiq.