Mnazi, Magofu na Bahari: Maumbile si Pambo katika Ushairi wa Kiswahili

Imekuwa ada, katika ufundishaji wa ushairi nchini Kenya, kuyagawa maudhui katika mafungu. Shairi hili huitwa la mapenzi, lile la mazingira, jingine la uzalendo na jingine la maombolezo. Mgawanyo wa aina hii humfaa mtahini, kwa kuwa humrahisishia usahihishaji. Msomaji, hata hivyo, hupata hasara. Katika ushairi wa Kiswahili, maumbile, hisia ya mtu ya kuwa na kwao, mapenzi na mauti ni mambo yaliyosukwa pamoja kama miyaa ya mkeka mmoja. Anayeufumua mkeka ili aihesabu miyaa yake hubaki na miyaa mkononi, na pa kukalia hapana.

Kosa kubwa linalotokana na mazoea hayo ni kuyachukulia maumbile kuwa pambo tu, kana kwamba mshairi huwa na fikra yake tayari, kisha akatafuta ua, ndege au wimbi la kuiremba. Tungo zenyewe zinakanusha dhana hiyo.

Chukua Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Aghalabu huainishwa kuwa utungo wa kidini unaouonya moyo dhidi ya hadaa za dunia, na hapana shaka kwamba ndivyo ulivyo. Lakini onyo hilo limejengwa juu ya nini? Limejengwa juu ya majumba ya Pate, mji uliotajirika kwa biashara ya baharini kisha ukaanguka. Katika vidaka vilivyokuwa vikipangwa vyombo vya kaure, sasa ndege wanalea makinda, na popo wameyarithi makao ya waungwana. Msomaji anayeambiwa kwamba dunia hupita husikia mawaidha aliyokwisha kuyasikia mara nyingi. Anayeoneshwa kiota ndani ya kidaka huuona upitaji huo kwa macho yake. Tena mshairi haliliki jumba la mtu asiyemjua. Anaulilia mji wa watu wake, na huzuni yake ni ya mwenyeji, wala si ya mpita njia. Mauti, maumbile na kwao vimekutana katika kidaka kimoja. Ni fungu lipi basi la kuutia utungo huo?

Mapenzi nayo hayaepukani na mauti. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka wa 1858, umehakikiwa sana kuhusiana na nafasi ya mwanamke katika ndoa, na uhakiki huo una haki yake. Hata hivyo, wengi huupita upesi mwanzo wake, pale mama mgonjwa anapomwita bintiye ajongee na wino na karatasi ili aandike wasia. Takriban miaka 2 baadaye mama huyo alifariki. Mapenzi ya namna hiyo hayana nafasi ya madoido. Yanajua kuwa muda umekwisha. Shaaban Robert naye, alipomlilia mkewe Amina, alimlinganisha na ua. Mlinganisho huo ungekuwa wa kawaida mno laiti asingalitazama kipindi kamili cha ua, tangu kuchanua hadi kufunga. Ua ndilo lililomwezesha kuutaja msiba wake bila kupiga mayowe.

Mfano ulio dhahiri zaidi unapatikana katika Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, diwani iliyochapishwa mwaka wa 1973 na kutunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka wa 1974. Mashairi yake yalitungwa gerezani kati ya 1969 na 1972, mshairi alipokuwa akitumikia kifungo kwa sababu ya kijikaratasi cha kisiasa, Kenya: Twendapi? Katika shairi la "Mnazi: Vuta N'kuvute", ndugu wawili, Alii na Badi, wanagombania mnazi. Darasani jibu hupatikana kwa haraka: mnazi ni ishara ya nchi. Mwanafunzi hupata alama yake na kusonga mbele.

Jibu hilo ni sahihi, lakini halieleze kwa nini mshairi hakuchagua mwembe au mbuyu. Katika maisha ya pwani mnazi hutoa tui la mapishi, makuti ya kuezekea, kumbi za kusokotea kamba na tembo la mgema. Mnazi hurithiwa. Zaidi ya hayo, katika desturi za pwani ya Kenya mtu anaweza kumiliki minazi iliyosimama katika ardhi ya mtu mwingine, na suala la nani mwenye mti na nani mwenye ardhi limezua migogoro mingi. Kwa hivyo, ugomvi wa ndugu wawili juu ya mnazi ni ugomvi juu ya chakula, paa, urithi na haki ya kuitwa mwenyeji. Ishara ya nchi imepata nguvu kwa sababu mti wenyewe ni mti wa kweli, wenye mizizi katika sheria na jikoni. Asiyeujua mnazi huielewa ishara kama mtu anayesoma anwani ya barua pasipo kuifungua.

Wapo watakaosema kwamba hoja hii inamtenga mwanafunzi wa bara, aliyekulia kando ya mashamba ya mahindi na ambaye hajawahi kuona jahazi. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini ushairi wenyewe umekwisha kulijibu. Ahmad Nassir aliiita diwani yake Malenga wa Mvita. Mwinyihatibu Mohamed akawa na Malenga wa Mrima. Mulokozi na Kahigi, mwaka wa 1976, wakatoa Malenga wa Bara, naye Wallah bin Wallah akatoa Malenga wa Ziwa Kuu. Majina hayo ni madai: kila malenga anataja mahali anaposimama ndipo anene. Hata mgogoro mkali juu ya mashairi huru, uliochochewa na Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe, mwaka wa 1974, haukuhusu vina na mizani pekee. Chini yake lilikuwapo swali la nani ana haki ya kuuita ushairi wa Kiswahili kuwa wake.

Mwanafunzi wa bara, basi, hahitaji kuondolewa nazi na pepo za kusi na kaskazi. Anahitaji kufundishwa vitu hivyo kwa ukamilifu wake, kisha aulizwe ni mti upi kwao unaogombaniwa na ndugu, na ni ndege gani anayetaga katika mahame ya watu wake. Hapo ndipo atakapoingia katika ushairi kama mwenyeji, si kama mgeni wa karatasi ya mtihani.

Hali ilivyo sasa hairidhishi. Maswali huwa yale yale: taja bahari ya shairi, eleza muundo wake, toa mifano ya uhuru wa mshairi, andika ubeti wa tatu kwa lugha nathari. Maarifa ya arudhi ni ya lazima, wala hapana anayeweza kumfahamu Muyaka bila hayo. Lakini ipo kasoro pale mtu anapozijua bahari zote za ushairi ilhali hajui jinsi bahari yenyewe ilivyomfunza Muyaka kunena.

Ipo haja, kwa hivyo, ya vyama vya Kiswahili vyuoni kuanzisha zoezi dogo katika vikao vyao vya uhakiki. Kila linapojadiliwa shairi, kitu kimoja cha maumbile kilichomo kibadilishwe: mnazi uwe mkaratusi, popo awe njiwa, ua liwe jiwe. Kisha wajumbe waulizane ni nini kilichopotea. Pakiwa hapana kilichopotea, mshairi alikuwa akipamba tu. Maana ikivunjika, wajumbe watakuwa wameifikia fikra yenyewe, na watakuwa na jambo la kuandika ambalo halimo katika mwongozo wowote.