Vijineno Vilavyo Mishahara

Kila aliyepita shule analikumbuka zoezi la kugeuza sentensi za Kiingereza kutoka kauli ya kutenda kwenda kauli ya kutendwa. Juma amekula embe. Embe limeliwa na Juma. Mwanafunzi huambiwa ahamishe majina, abadili kitenzi, kisha achomeke neno "by" mbele ya jina la mtendaji, na alama yake ataipata. Zoezi hilo si baya. Lakini limewaachia watu wetu wengi imani moja: kwamba kila lionekanapo "by" baada ya kitenzi cha namna hiyo, maana yake ni "na", na linalofuata ni jina la mtendaji. Imani hiyo ikibaki darasani haidhuru mtu. Ikiongozana na kijana hadi ofisi ya mwajiri, siku ya kutia sahihi mkataba, yaweza kumdhuru sana.

Na tuchukue jambo limhusulo mfanyakazi kuliko yote, yaani malipo. Mkataba ukisema mshahara utakuwa "paid by the contractor", mlipaji ni mkandarasi, na hapo zoezi la shule limesema kweli. Ukisema "paid by Friday", Ijumaa haimlipi mtu. Maana yake ni kwamba malipo yatoke kabla Ijumaa haijapita, na mwajiri akilipa Jumanne hajavunja neno. Angetaka kusema siku yenyewe angeandika "on Friday". Ukisema "paid by the hour", kijineno kile kile sasa kimekuwa kipimo: zinahesabiwa saa, wala si siku wala mwezi, na saa ambazo kazi imesimama kwa mvua huenda zisihesabiwe. Ukisema "paid by cheque", kimekuwa njia ya malipo. Lakini malipo yakiwa ya fedha taslimu, Kiingereza humwacha "by" mlangoni na kusema "in cash". Hapana kanuni ya kumwezesha mtu kuyakisia hayo. Ni mazoea ya wenye lugha, na mazoea ya watu wengine hujulikana kwa kufundishwa tu.

Katika Kiswahili mambo hayo manne hayachanganyiki hata kidogo. Tunalipwa na mkandarasi, tunalipwa kabla ya Ijumaa kupita, tunalipwa kwa kuhesabiwa saa, tunalipwa kwa hundi. Ndiyo maana mtu wetu, hata akiwa hodari wa Kiingereza cha mazungumzo, haoni haraka kwamba "by" moja inabeba mizigo minne. Hakuzoea kubebeshwa hivyo.

Na "by" si peke yake. Mfanyakazi akisoma kwamba vyombo vitakavyopotea vitakuwa "paid for by the worker", amekutana na vijineno viwili vilivyofuatana kama mabehewa. Cha kwanza chamwelekea kitu kilichopotea, cha pili chamwelekea mtu atakayetoa fedha. Na huyo ni yeye mwenyewe. Kwa Kiswahili ni maneno matatu tu: vitalipiwa na mfanyakazi. Akisoma "paid off", asifurahi upesi. Deni likiwa "paid off" limekwisha, na hiyo ni heri. Lakini watu wakiwa "paid off", wamepewa ujira wao wa mwisho na kuonyeshwa lango. Ndugu yake ni "laid off", ambaye katika kamusi ya mtoto wa shule ni kulazwa, na kiwandani ni kuachishwa kazi. Wanasarufi watabishana kama "off" hapo ni kihusishi au ni kielezi. Tunawaachia ubishi huo. Aliye nje ya lango hana wasaa nao.

Au tutazame kitenzi "charged", ambacho hakikosekani katika karatasi za ghala na bandari. Mtunza ghala aliye "charged with the care of the store" amekabidhiwa ghala, na hiyo ni heshima. Aliye "charged with theft" ameshtakiwa wizi, tena kwa hati rasmi, si kwa uvumi. Maana yule anayetuhumiwa tu Kiingereza humwita "accused of", kwa kijineno kingine kabisa. Aliye "charged for" kitu ametozwa fedha yake. Na hasara iliyo "charged to the storekeeper" imeandikwa katika hesabu ya mtunza ghala, yaani itatoka mfukoni mwake. Kitenzi ni kile kile. Kinachomtenga mshtakiwa na mnunuzi, na mnunuzi na mdaiwa, ni silabi moja iliyowekwa nyuma yake.

Yafaa kueleza kwa nini jambo hili linatuwia gumu, maana si uzito wa akili zetu, kama walivyopenda kusema mabwana wa zamani. Kiswahili huyatia mahusiano haya ndani ya mwili wa kitenzi chenyewe. Tunasema kulipa, kulipwa, kulipia, kulipiwa, kulipisha, kulipishwa, na kila mmoja wetu, hata asiyejua kusoma, hutofautisha aliyelipwa na aliyelipiwa. Mwingereza hana hazina hiyo. Kitenzi chake hakinyumbuki sana, kwa hiyo hana budi kukitegemeza kwa vijineno vya nje. Anapotaka kusema kwamba kitanda hiki kimelaliwa, yeye husema kitanda hiki kimekuwa "slept in", akamwacha "in" akining'inia mwisho wa sentensi bila kitu cha kushika. Kiti kilichokaliwa ni "sat on". Mtu aliyechekwa ni "laughed at". Mtoto aliyetunzwa ni "looked after". Kwetu sisi kila moja ya hayo ni neno moja lililokamilika. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kuipata habari yote ndani ya kitenzi, husoma kitenzi cha Kiingereza akadhani amemaliza, na kijineno cha nyuma akakipita kama nzi. Kumbe habari iko huko.

Katika nchi hii jina la Mangungo wa Msovero hutajwa kila panapozungumzwa mikataba. Mwezi Novemba mwaka 1884 Karl Peters alimfikia huko Usagara na karatasi iliyoandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo Mangungo hakuijua. Na tarehe 27 Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikatoa hati ya ulinzi juu ya nchi zilizodaiwa kupatikana kwa karatasi za namna hiyo. Lakini mfano huo una kasoro moja kwa zama zetu. Mangungo hakujua lugha, na alijua kwamba haijui. Kijana wetu wa leo amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akafundishwa sekondari kwa Kiingereza, na maneno mengi ya mkataba anayatambua. "Paid" anaijua. "Charged" anaijua. Ni nusu hiyo ya kujua inayomtia sahihi upesi bila kuuliza, na hapo ndipo hatari yake inapoizidi ya Mangungo.

Patasemwa: dawa ni kuandika yote kwa Kiswahili. Nasi twakubali bila shaka yoyote. Chama kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954 kilijenga umoja wa wananchi kwa lugha hii, na mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Aidha, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na kama mfanyakazi hayaelewi, mwajiri ahakikishe kwamba ameelezwa kwa namna atakayoielewa. Hiyo ni haki, si fadhila. Lakini haki hiyo inamngoja mtu aseme kwamba haelewi. Na adhaniaye kwamba anaelewa hatasema. Zaidi ya hayo, makandarasi wa kutoka Uturuki na China wanaojenga reli yetu, na meli zinazotia nanga bandarini petu, huja na karatasi za Kiingereza. Mara nyingi lugha hiyo si ya mama kwa anayeuandika mkataba wala kwa anayeutia sahihi. Wawili hao wakikosea "by" na "to", hapana hata mmoja wa kumsahihisha mwenziwe.

Lipo pia lile "by" lisiloandikwa. Kauli ya kutendwa humruhusu mwandishi kumficha mtendaji, na barua za ofisini zimeipenda kwa sababu hiyo. "It has been decided", imeamuliwa. "Your services are no longer required", huduma zako hazihitajiwi tena. Na nani? Barua haisemi. Ubaya ni kwamba mtindo huu umekwisha kuhamia katika Kiswahili chetu, na hapa hatuwezi kuwalaumu wageni peke yao. Imebainika, imeonekana, inaelekezwa: maneno haya yamejaa katika matangazo ya ofisi zetu za umma na hata za Chama. Mwananchi aliyepokonywa kibanda chake sokoni kwa tangazo la "imeamuliwa" hajui amfuate nani na malalamiko yake. Kiswahili kina "na" ya kumtaja mtendaji. Kiongozi aliyeamua kwa haki haoni haya kuiandika, na jina lake mbele yake.

Tena madhara yanarudi nyumbani kwa mlango mwingine. Siku hizi twasikia, hata redioni, kwamba nyumba fulani "imejengwa na matofali" na meza "imetengenezwa na mbao". Matofali hayajengi, wala mbao haina mikono. Nyumba hujengwa na fundi, kwa matofali. Mwingereza mwenyewe hasemi hivyo: meza kwake ni "made of wood", kwa kuwa mti bado unaonekana, sukari ni "made from cane", kwa kuwa muwa umekwisha kugeuka, na "made by" humwekea fundi. Aliyejifunza kwamba kila kauli ya kutendwa ina "by", na kwamba "by" ni "na", ndiye anayempa tofali kazi ya mwashi.

Madarasa ya jioni yanayoendeshwa na matawi ya wafanyakazi, palipo na madarasa hayo, huanza Kiingereza kwa salamu na majina ya matunda. Twapendekeza yaanze na karatasi ya mkataba halisi, iliyofutwa majina, ubaoni. Mwalimu apige mstari chini ya kila kitenzi cha kutendwa na kijineno kinachokifuata, na darasa lilijibu kila moja kwa Kiswahili: na nani, kwa nini, kabla ya lini, kwa kipimo gani. Kwa "paid" peke yake jioni mbili zitahitajika.