Simu Janja Hununuliwa Mara Moja, Hulishwa Kila Siku



Kila likizo inapokaribia, swali hili huzuka hapa Gisenyi: je, ninunue simu janja? Wengi wanaouliza wamekwisha kujijibu. Wanachotafuta ni mtu mzima wa kuwaunga mkono. Leo sitawaunga mkono. Nadai kwamba wengi wetu tunanunua simu janja kwa kuogopa aibu, si kwa kuihitaji, na kwamba aibu hiyo inatugharimu mambo yaliyo muhimu kuliko simu.

Tuanze na bei, maana hapo ndipo tunapodanganyika. Mwezi Oktoba 2019, Rais Paul Kagame alipozindua kiwanda cha Mara Phones mjini Kigali, simu zilizotoka humo ziliuzwa kwa zaidi ya faranga 100,000. Mwaka 2023, kupitia mpango wa ConnectRwanda, ikapatikana simu janja ya 4G kwa faranga 20,000 tu, kwa kuwa ilitiwa ruzuku. Watu wakasema: sasa hakuna kisingizio! Lakini simu ni kama ng'ombe: anayemnunua hajamaliza gharama, ndiyo kwanza anaanza. Tuseme mtu ananunua bando la faranga 500 kila siku. Kwa mwaka ni faranga 182,500. Simu ya faranga 20,000 imekula zaidi ya mara tisa ya bei yake, na bado hatujahesabu kioo kitakachopasuka wala betri itakayochoka.

Sasa linganisheni. Mchango wa mituweli ambao familia nyingi zimeulipa kwa miaka mingi umekuwa faranga 3,000 kwa mtu kwa mwaka. Kwa kiwango hicho, familia ya watu sita ni faranga 18,000. Maana yake, kwa kiwango hicho bando la siku 36 lilitosha kuikatia nyumba nzima bima ya afya kwa mwaka mzima. Nyumba ambayo kijana hakosi bando ilhali mituweli haijalipwa haijaendelea hata kidogo. Imetanguliza pambo ikaacha paa likivuja.

Wapo watakaonijibu kwamba dunia ya leo ni ya kidijitali, na asiye na simu janja ameachwa nyuma. Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Simu ni lazima. Simu janja si lazima. Kutuma na kupokea pesa kwa MoMo huhitaji kubonyeza *182# tu, na kitochi hufanya hivyo bila bando. Anayetaka huduma ya Irembo naye hana intaneti, huenda kwa wakala akahudumiwa.

Sisemi kwamba simu janja haina faida. Mama anayeuza vitenge, akawatumia wateja wake wa Goma picha za mzigo mpya, simu yake inamlipa. Mwanafunzi anayeomba nafasi ya chuo kikuu mtandaoni ana sababu. Kipimo ni kimoja: simu hii itafanya kazi gani ambayo kitochi hakiwezi, na je, kazi hiyo italeta faida ya kuilisha? Asiyeweza kujibu kwa sentensi moja, na asubiri.

Hatari kubwa zaidi ni mkopo. Simu nyingi zinazouzwa kwa malipo ya kila siku hufungwa kutoka mbali malipo yanapochelewa, na mnunuzi hubaki na kioo cheusi mkononi na deni mgongoni. Jumlisheni malipo yote hadi siku ya mwisho, kisha yapimeni na bei ya taslimu kabla ya kutia sahihi. Wahenga hawakukosea: kukopa harusi, kulipa matanga.

Nanyi mnaovutiwa na simu za mkono wa pili, dai risiti ya EBM. Bonyeza *#06#, kisha linganisha namba itakayotokea na ile ya kwenye boksi. Muuzaji akikasirishwa na maswali hayo, amekwisha kukujibu. Tena, sisi wakazi wa mpakani simu zetu hunasa minara ya upande wa pili. Zimeni data ya ng'ambo, la sivyo salio litayeyuka mkiwa mmelala nyumbani.

Neno langu la mwisho ni kwa wanaotoa huduma za umma. Simu janja zikiwa rahisi, msione ni ruhusa ya kufunga milango mingine. Haki ya raia haipaswi kutegemea ukubwa wa kioo cha simu yake. Kila huduma ya lazima ibaki ikipatikana kwa kitochi na kwa wakala wa karibu. Nanyi wanafunzi, kitochi si alama ya ujinga. Deni la kuwaridhisha majirani ndilo alama ya ujinga.

Msamiati
Kitochi: simu ndogo ya vitufe, isiyo na intaneti.
Bando: kifurushi cha intaneti au cha muda wa maongezi.
Ruzuku: fedha zinazotolewa ili kupunguza bei kwa mnunuzi.
Taslimu: malipo kamili yanayotolewa papo hapo.

Zoezi
Andika insha ya kumpinga mwandishi. Hesabu zako ziwe za nyumbani kwenu, si za kubuni.