Mitambo yaaminiana, vyuo je?

Kuna jambo linanikera. Mwanafunzi akitembelea chuo kingine chenye mtandao wa eduroam, tarakilishi yake inapata intaneti papo hapo. Chuo mwenyeji hakimjui wala hakioni neno lake la siri, kinauliza tu kule alikotoka, "Huyu ni wenu?" Wakijibu ndiyo, anafunguliwa. Hapa Kenya mpango huu unaendeshwa na KENET.

Sasa mtu huyo huyo aje na diploma ya tarakilishi kutoka chuo cha kadri, aombe digrii. Mara nyingi ataambiwa asome upya hifadhidata na misingi ya kuandika programu, mambo aliyokwisha kufanyia mtihani. Na karo alipe! Sheria ya KNQF ya 2014 ilitaka masomo yahamishike. Huko mlangoni bado ni bahati yako.

Vyuo vikuu vina haki ya kuogopa, maana wapo wanaogawa vyeti kama njugu. Lakini eduroam nayo haiamini ovyo: mgeni akiharibu, kumbukumbu zipo na chuo chake kinaulizwa. Basi vyuo vya kadri vifungue silabasi na mitihani yao, chuo kikuu kisahihishe tena baadhi ya karatasi. Wanaotoka huko wakianguka mwaka wa pili, kiitwe chuo kilichowatuma.